Safari ya kula Poland: Kraków na milimani, Podlasie au Kaszuby?

Ukiwa na wiki moja tu ya kwenda kula Poland, chagua pembe moja ya nchi ukae hapohapo. Ratiba nyingi za safari humkimbiza mgeni Warszawa, Kraków, Wrocław, Poznań na Gdańsk ndani ya siku saba, na kila anapoteremka anakuta menyu ileile ya watalii: pierogi za viazi na jibini, supu ya żurek ndani ya mkate uliotobolewa, na mnofu wa nguruwe wa kukaanga. Anarudi nyumbani akisema Wapolandi wana chakula cha aina moja, tena kizito.

Historia yao inakataa. Kati ya 1772 na 1795, Urusi, Prussia na Austria ziligawana Poland mara tatu mpaka ikafutika kwenye ramani, na haikurudi hadi 1918. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo 123, mama wa Kraków alipika chini ya utawala wa Vienna, wa Poznań chini ya Berlin, wa Białystok chini ya tsar wa Urusi. Ongeza Wayahudi, Watatari, Wakaszubi, Waorthodoksi na wachungaji wa milimani, kila watu na jiko lao. Ndiyo maana mtu anaweza kusafiri saa chache kwa treni akakuta majina ya vyakula ambayo hata wenyeji wa alikotoka hawayajui.

Nitalinganisha pembe tatu: Kraków pamoja na milima ya Podhale kusini, Podlasie kaskazini-mashariki, na Gdańsk pamoja na Kaszuby kaskazini. Poznań na Śląsk nitawagusia tu, kwa sababu kila mmoja una siku yake maalumu. Nimepima kwa mambo manne: kuna nini mezani ambacho hukipati kwingine, ni mwezi gani, utafikaje bila gari, na utafanyaje kama huli nguruwe.

Tuanze na nguruwe

Kwa wasomaji wengi wa pwani, Zanzibar, Oman na hata bara, hili ndilo swali la kwanza. Nguruwe yuko kila mahali Poland, na mara nyingi amejificha. Pierogi za viazi na jibini hazina nyama ndani, lakini juu humwagiwa skwarki, yaani vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Żurek, supu ya unga uliochachushwa wa rai, nafaka jamii ya ngano, kwa kawaida ina soseji. Mkate unaoletwa mwanzoni huja na smalec, mafuta ya nguruwe ya kupaka. Jifunze maneno mawili kabla hujaondoka: "bez wieprzowiny", bila nguruwe, na "bez skwarek", bila vile vipande vya juu. Omba siagi badala yake, wanaelewa.

Habari njema ni kwamba Wakatoliki hawa hufunga nyama. Kwa karne nyingi Ijumaa na Kwaresima vilimlazimisha mpishi wa Kipolandi kubuni vyakula bila nyama, na usiku wa tarehe 24 Desemba, Wigilia, desturi ni vyakula 12 mezani na hakuna hata kimoja chenye nyama. Kutokana na mfungo huo tuna pierogi za kabichi chachu na uyoga wa msituni, supu safi ya bitiruti yenye vimkate vidogo vya uyoga, samaki wa kila namna, na maandazi yenye mbegu za mpopi. Ukimwambia mhudumu unataka chakula cha mfungo, "postne", umefungua mlango mkubwa kuliko ukisema wewe ni mla mboga. Bado uliza kuhusu mafuta ya kukaangia. Na kama unahitaji nyama iliyochinjwa kihalali, usidhani tu: uliza, hata huko Podlasie nitakokusifia.

Kraków na Podhale: rahisi kufika, rahisi kupotezwa

Huu ndio uchaguzi wa wengi, na sababu zake ni nzuri. Treni ya kasi kutoka Warszawa inafika Kraków kwa takriban saa mbili na nusu. Mji wa kale uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978, pamoja na mgodi wa chumvi wa Wieliczka ulio jirani. Unaweza kutembea kwa miguu kutwa nzima na usikose cha kuonja.

Anza asubuhi kwa obwarzanek, mkate wa duara uliosokotwa kama kamba, ukachovywa kwenye maji ya moto kabla ya kuingia tanurini, ukanyunyiziwa mbegu za mpopi, ufuta au chumvi. Unauzwa kwenye vigari vidogo mtaani, na jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2010. Ule asubuhi kweli, maana ikifika jioni umeshakauka. Kisha nenda soko la Stary Kleparz, dakika chache kutoka uwanja mkuu, ukaone mapipa ya matango na kabichi vilivyochachushwa, uyoga uliotungwa kwenye uzi, na jibini za milimani. Mchana tafuta bar mleczny, mgahawa wa bei nafuu wa aina iliyoanzia Warszawa mwaka 1896, ambako unasimama kwenye foleni, unaagiza dirishani na kubeba trei yako mwenyewe. Migahawa inayozunguka uwanja mkuu ipite tu. Unalipia mandhari.

Kazimierz, mtaa wa zamani wa Wayahudi, unahitaji heshima kidogo zaidi ya ile inayopewa. Kabla ya vita Wayahudi walikuwa karibu robo ya wakazi wa Kraków, na Wanazi wakawaangamiza karibu wote. Leo migahawa mingi ya pale hupika "kwa mtindo wa Kiyahudi" bila kufuata kosher, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, kwa hiyo asiyekula nguruwe asitulie kwa sababu ya jina la mtaa. Chakula kinachopendwa zaidi hapo, kwenye jengo la mviringo la Plac Nowy, ni zapiekanka: nusu ya mkate mrefu, uyoga, jibini, moto wa tanuri. Ni chakula cha vijana cha miaka ya 1970, na kinaliwa kwa kusimama.

Lakini sababu ya kweli ya kuchagua kusini iko juu zaidi, karibu kilomita 100 kutoka Kraków, kwenye milima ya Tatra. Ni jibini la oscypek. Hili nalisema kwa undani kwa sababu wageni wengi hula la bandia wakaondoka wakidhani wameonja.

Oscypek halisi linatengenezwa na baca, mkuu wa wachungaji, ndani ya kibanda cha mbao kiitwacho bacówka, wakati kondoo wako malishoni kuanzia Mei hadi Septemba. Ukiingia, macho yanawasha kwanza, kwa sababu moto unawaka katikati ya sakafu na moshi unatafuta njia kupitia paa. Maziwa yaliyokamuliwa muda si mrefu yamegandishwa kwenye chombo cha mbao. Baca anayavunja mabonge, anatumbukiza mikono hadi kwenye viwiko, anakusanya donge moja, analikamua, analichovya kwenye maji ya moto, analikamua tena mpaka linakuwa nyororo na kunyooka. Kisha analibana ndani ya kibao chenye nakshi, na donge linatoka limechongoka ncha zote mbili, na kiuno chake kimepigwa urembo. Linalala kwenye maji ya chumvi, halafu linapandishwa kwenye rafu chini ya paa, juu ya moshi, kwa siku kadhaa hadi lipate rangi ya asali iliyokolea. Ukikaribishwa kinywaji kwenye kikombe cha mbao, ni żentyca, maji ya jibini yaliyochemshwa. Kunywa. Tumbo lisilozoea litalalamika kidogo, lakini ladha yake hutaipata mjini.

Tangu 2008 jina oscypek linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: angalau asilimia 60 ya maziwa lazima yawe ya kondoo, uzito gramu 600 hadi 800. Kwa hiyo vile vijibini vidogo vya kuchoma vinavyouzwa mjini Zakopane mwezi Februari, pamoja na jemu ya matunda mekundu, si oscypek. Vingi ni vya maziwa ya ng'ombe. Si vibaya, vinashibisha, ila usivilipie bei ya jina.

Supu ya huko ni kwaśnica, kabichi chachu iliyochemshwa na mbavu, za kondoo kwa desturi ya zamani lakini mara nyingi sasa za nguruwe. Uliza. Moskole, mikate bapa ya viazi na unga iliyookwa juu ya bamba la jiko na kupakwa siagi ya kitunguu saumu, ni salama kwa karibu kila mtu.

Udhaifu wa pembe hii ni umati. Julai, Agosti na wakati wa theluji, Zakopane inajaa Wapolandi wenyewe, barabara inaziba na bei zinapanda. Njoo mwishoni mwa Mei, Juni au Septemba.

Podlasie: meza ya watu wengi

Mtu akiniuliza bila masharti aende wapi kwa ajili ya chakula, namwelekeza Podlasie, mkoa unaopakana na Belarus na Lithuania. Treni ya Warszawa hadi Białystok ni kama saa mbili. Kutoka hapo unahitaji gari, na hiyo ndiyo gharama yake kubwa, kwa sababu mabasi ya vijijini ni machache.

Nenda Kruszyniany. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski aliwapa ardhi hapa wapiganaji Watatari, Waislamu, badala ya mishahara aliyokuwa anadaiwa. Wajukuu wao bado wapo. Lugha yao waliipoteza karne nyingi zilizopita na sasa wanazungumza Kipolandi, lakini dini na jiko vimebaki. Msikiti wao ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, na kwa mbali unaweza kuudhania kanisa dogo la kijijini, maana waliojenga walikuwa mafundi wa eneo hilo. Mwingine uko Bohoniki. Ndani kuna mazulia, maandishi ya Kiarabu ukutani na mimbari. Mwislamu wa Lamu au Ujiji akisimama pale, kilomita elfu nyingi kutoka kwao, anajua aanzie wapi kuvua viatu.

Chakula chao kikuu ni pierekaczewnik. Mpishi anakanda unga, anaugawa mafungu sita, kisha anausukuma kila mmoja mpaka karatasi yake inakuwa nyembamba kiasi cha kuona nakshi za kitambaa cha meza chini yake. Kila karatasi inapakwa siagi iliyoyeyushwa na kulazwa juu ya mwenzake. Ndipo unamwagwa ujazo, nyama ya kondoo, ng'ombe au bata bukini iliyokatwakatwa na kutiwa kitunguu na pilipili manga, au jibini tamu na zabibu kavu. Vyote vinaviringishwa kuwa mkungu mrefu, mkungu unakunjwa kama konokono ndani ya sufuria ya mviringo, na tanuri linafanya kazi zaidi ya saa mbili. Ukikata kipande, tabaka zinaonekana moja moja, za juu zinavunjika, za ndani zimelowa mchuzi. Umoja wa Ulaya uliuandikisha mwaka 2009 kama chakula cha jadi. Pembeni yake utapata czebureki, sambusa kubwa bapa ya nyama inayokaangwa hadi inatoa mapovu.

Nje ya vijiji vya Kitatari, Podlasie ni nchi ya viazi, na hapo nguruwe anarudi. Babka ziemniaczana, viazi vilivyokunwa na kuokwa, mara nyingi huwa na mafuta yake. Kiszka ziemniaczana ni viazi vilivyojazwa kwenye utumbo wa nguruwe, na mji mdogo wa Supraśl hushindanisha wapishi wa vyakula hivi viwili kila mwaka. Kartacze ni madonge marefu ya viazi yenye nyama ndani. Kwa utamu kuna sękacz, keki inayopikwa mbele ya moto: mti unazunguka, mpishi anamwagia uji wa mayai, siagi na unga tabaka baada ya tabaka, na matone yanayoning'inia yanakauka kuwa miiba. Jibini la Korycin, la maziwa ya ng'ombe, huliwa likiwa bichi, laini, na likitafunwa linatoa sauti kama mpira kwenye meno. Linunue likiwa na siku chache tu.

Utamaduni hapa haujapangwa kwa ajili ya kamera. Tykocin ina sinagogi la 1642 lililobaki wakati watu wake waliuawa mwaka 1941. Makanisa ya Kiorthodoksi yana kuba za buluu. Msitu wa Białowieża una baisani wa Ulaya, nyati wa mwituni. Na mjini Białystok, tangu 2021, kuna Makumbusho ya Kumbukumbu ya Siberia, ambayo Mtanzania na Mganda wana sababu ya kuyaingia. Yanasimulia watu waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki ya Poland mwaka 1940 na 1941. Baadhi yao walipita Siberia na Iran wakaishia kwetu: wapatao 5,000 waliishi Tengeru karibu na Arusha, wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo. Ukishayaona hayo, meza ya viazi ya Podlasie inabadilika mbele yako.

Sasa tahadhari. Tangu 2021 mpaka wa Belarus una doria nyingi, na Juni 2024 serikali ilifunga vipande kadhaa karibu na mpaka kwa wapita njia. Angalia ramani ya marufuku kabla ya kuchagua njia, hasa upande wa Białowieża. Mtu mweusi tembea na pasipoti yako halisi, siyo nakala, kwa sababu askari wa mpakani watakusimamisha mara nyingi kuliko Mzungu. Hili linauma kulisema, lakini ni bora ulijue ukiwa nyumbani. Watatari wa Bohoniki wenyewe waliwazika kwenye makaburi yao wahamiaji waliokufa msituni mwaka ule wa 2021, na ukifika utaonyeshwa.

Gdańsk na Kaszuby: kwa anayependa samaki

Kwa asiyekula nguruwe na hataki kuendesha gari, hapa ndipo penye utulivu zaidi. Treni kutoka Warszawa ni chini ya saa tatu, na treni za mji zinaunganisha Gdańsk, Sopot na Gdynia mfululizo. Kiangazi treni inafika hadi ncha ya rasi ya Hel, kipande chembamba cha mchanga chenye bahari pande zote mbili.

Malkia wa meza ni śledź (heringi), samaki mdogo wa bahari za baridi anayewekwa kwenye chumvi kisha kutengenezwa kwa namna nyingi: kwa mafuta na kitunguu, kwa malai na tufaha, au kwa mtindo wa Kaszuby, akiwa kwenye mchuzi wa nyanya wenye kitunguu, utamu na ukali pamoja. Analiwa baridi. Mtu wa pwani aliyezoea samaki wa moto na nazi hushtuka mara ya kwanza, na namshauri aanze na ule wa nyanya. Flądra, samaki bapa, hukaangwa mzima. Vibanda vya moshi vya Hel na Jastarnia vinauza samaki wa kukausha kwa moshi wakiwa bado na joto.

Jambo moja wauzaji hawakuambii: dorsz, yule samaki mweupe aliyeko kwenye kila menyu ya pwani, siku hizi kwa kawaida hatoki bahari ile. Uvuvi wa makusudi wa dorsz wa mashariki ya Baltiki umepigwa marufuku tangu 2019 kwa sababu wamepungua mno. Anayeletwa mezani huwa ametoka Atlantiki, tena wa barafu. Agiza flądra au śledź, utakula cha pale.

Ukiingia ndani ya nchi, saa moja tu, unafika kwenye maziwa na vilima vya Kaszuby. Wakaszubi wana lugha yao, inayotambuliwa kisheria kama lugha ya eneo tangu 2005, na vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili. Stroberi zao zinalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2009. Zinaiva Juni na Julai, ni ndogo na tamu, na zinauzwa kwenye vikapu kando ya barabara. Wdzydze kuna makumbusho ya wazi ya nyumba za jadi, ya kwanza Poland, yaliyofunguliwa 1906.

Ukinilazimisha, nitasema pembe hii ni nzuri kwa miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti. Mwisho wa Julai huanza soko la Mtakatifu Dominiko mjini Gdańsk, ambalo asili yake ni mwaka 1260, na umati wake ni mkubwa. Baridi ikiingia, Hel inafunga milango.

Pesa, viza, na wale wawili wa mwisho

Poland iko ndani ya Schengen tangu mwisho wa 2007 lakini inatumia złoty, siyo euro. Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza, na Poland ina balozi Dar es Salaam na Nairobi. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen anaingia bila viza nyingine. Kwa gharama za kulala na kula, Podlasie ndiyo nafuu zaidi kati ya hizi tatu, hata ukiongeza gari mkiwa wawili au watatu. Gdańsk ya Julai ndiyo ghali.

Śląsk, mkoa wa makaa ya mawe wenye makao yake Katowice, uende siku ya Jumapili tu. Mlo wenyewe ni mmoja na kila nyumba inaupika: nyama ya ng'ombe iliyoviringishwa, kabichi nyekundu, na kluski, madonge ya viazi yenye kishimo katikati cha kushikia mchuzi. Ndani ya ile nyama huwa kuna kipande cha nguruwe, kwa hiyo ulizia mapema.

Na kama likizo yako ni Novemba, achana na zote tatu uende Poznań kwa tarehe 11. Ni siku ya uhuru wa taifa na pia siku ya Mtakatifu Martin, ambaye hupita mtaani akiwa juu ya farasi mweupe. Mji mzima unakula rogal świętomarciński, andazi kubwa la tabaka lenye umbo la kiatu cha farasi, lililojazwa mbegu nyeupe za mpopi, njugu na maganda ya machungwa. Linauzwa kwa uzito. Nunua kwenye duka la mikate lililobandika cheti mlangoni, na ufike asubuhi, kwa sababu foleni za siku hiyo zinapinda hadi mtaa wa pili.